Pale Shangazi Alipoingia Mapema

Enzi zetu wimbo haukuwa kitu cha kuuita ukaja. Ulikaa ukaungojea, na ukiupata unanyamaza. Wenzangu mliokulia Jeddah katika zile familia zilizotoka Unguja mtaikumbuka redio ilivyokaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, na baba peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kukifunua. Leo mjukuu wangu Hanan anasikiliza wimbo nusu, anauruka, anasikiliza mwingine robo, anauruka nao, na ukimuuliza kaimba nani hajui. Nikimwambia aache basi mmoja uishe, ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Siku hizi naishi Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa mwanangu. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nachagua mchele. Mwende, binti wa Kikenya anayefanya kazi hapa nyumbani, alikuwa anaosha masufuria, simu yake kaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Ukaanza wimbo nikaacha mchele. Ngoma zilikuwa za kisasa, zinapiga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe, lakini gitaa lilikuwa lile lile. Ni "Mgeni wa Alasiri". Nikatulia kungojea pale mahala pake. Gitaa likazunguka mara ya kwanza, likazunguka mara ya pili, ndipo sauti ya kike ikaingia, sawasawa kabisa, safi, bila kosa lolote. Nikahisi kama nimeibiwa.

"Wameuharibu," nikasema.

"Hii ni remiksi, Mama," Mwende akanijibu. "Imetoka juzi tu. Kwani huipendi?"

Nikasukuma mchele kando nimweleze. Ninyi wa zama zangu mnajua kwamba katika sahani ya santuri ya asili yule mwanamke anaingia mapema. Gitaa linamaliza mzunguko wa kwanza tu, yeye keshasema "Keti kwanza", anashtuka, anacheka kidogo puani, anasubiri, halafu anaanza upya. Tuliuimba hivyo hivyo, Unguja, Mombasa, Dar, mpaka huku Jeddah. Harusini wanawake wakifika pale wote waliingia mapema na wote walicheka, na watu wakaamini ndivyo wimbo ulivyotungwa. Haukutungwa hivyo. Aliyecheka ni shangazi yangu Zuwena, mpiga gitaa ni baba yangu, na kwa ajili ya lile kosa niliwahi kupita na birika la kahawa katika ukumbi uliojaa mahujaji.

Baba alitusimulia habari ya kuurekodi wimbo huo mara nyingi, na kila mara alianzia kwenye joto. Walikuwa Mombasa, yeye na mdogo wake, katika chumba cha nyuma cha duka la santuri. Madirisha yamezibwa kwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie, feni imezimwa kwa sababu nayo ina sauti yake. Walikuwa wamevuka kutoka Unguja kwa ajili ya hiyo siku moja. Wimbo wenyewe Baba aliutunga kwa mzaha, kumtania mjomba wao mmoja aliyezoea kuja kutembea alasiri na kukataa kuondoka: "Keti kwanza, keti kwanza, mgeni wa alasiri, keti upate kahawa, jua bado liko juu, safari haijakuwa." Zuwena alikuwa msichana tu, hajawahi kuona kipaza sauti. Waliambiwa gitaa lizunguke mara mbili, kisha aingie. Likazunguka moja, akaingia. Alipogundua, akacheka, akaziba mdomo, akasubiri, akaendelea kwa ujasiri mpaka mwisho.

Baba aliomba warudie. Mwenye mashine alikuwa keshaanza kukunja nyaya, wapigaji wengine wako mlangoni wanangoja zamu yao. "Imekwisha hiyo," akamjibu. "Haturudii."

Wakarudi Unguja njia nzima Baba kanuna. Kabla sahani hazijafika madukani mambo ya nyumbani yakageuka, watu wakatawanyika. Baba akatoka na nguo za mwilini, akapitia kulikopitika, akaangukia Jeddah. Zuwena alibaki. Wimbo wao ukavuma Afrika Mashariki nzima, na wenyewe hawakupata kuusikia pamoja hata mara moja.

Kuandika barua kulikuwa kumponza mwenzio. Siku zile barua za kutoka nje zilifunguliwa njiani, na mtu aliyebaki kule aliweza kuulizwa maswali kwa sababu ya ndugu aliyeko huku. Kwa hiyo Baba hakuandika. Alifanya kazi yake ya bandarini, akamwoa Mama hapa hapa Jeddah, akatuzaa kaka yangu Salum na mimi, na miaka yote hiyo hakujua kama dada yake yu hai au kafa. Gitaa lilikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya foronya. Hakuligusa, na sisi tulionywa tusiliguse.

Utoto wenyewe ulikuwa mtamu, nisije nikawafanya mdhani tuliishi matangani. Mtaa wetu wa zamani ulikuwa na vichochoro vyembamba, majumba marefu yenye madirisha ya mbao, na kivuli cha kuchezea rede mpaka adhana. Asubuhi skuli kwa Kiarabu, mchana nyumbani kwa Kiswahili, na mwalimu akituuliza tunatoka wapi kila mtoto alijibu alivyofundishwa na mama yake. Ijumaa nyumba ilinuka mchuzi wa papa na mkate wa kumimina. Mama alikuwa hodari wa vitumbua, akivigawa kwa majirani, na jirani Mhijazi, mwenyeji wa pale, aliturudishia sahani imejaa tende, maana sahani tupu hairudishwi. Tulikula chini, sinia moja, na aliyeingiza mkono upande wa mwenzake alipigwa kofi la kiganja. Watoto wa leo kila mmoja na sahani yake na simu yake, na chakula kinapigwa picha kabla ya bismillahi.

Lakini Ijumaa ile ile, baada ya alasiri, utamu ulikuwa unakatika. Huo ndio wakati wa salamu. Mtazikumbuka salamu za wasikilizaji: mtu ananunua kadi, anaijaza majina ya anaowasalimia na wimbo anaoutaka, anaipeleka redioni, mtangazaji anaisoma. Baba alikuwa na rafiki Mombasa aliyempelekea kadi zake. Hakuandika jina lake wala la dada yake. Aliandika hivi: "Mgeni aliyeko Jeddah anamsalimia yule aliyeingia mapema, popote alipo. Apigiwe Mgeni wa Alasiri." Mtu mwingine akisikia atadhani ni utani wa mashabiki. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye angejua anaitwa yeye.

Basi Ijumaa baada ya Ijumaa tukakaa chini ya lile kabati kusikiliza kama kuna jibu. Masafa mafupi mnayajua. Sauti inakuja, inaondoka, inarudi imechanganyika na Mrusi. Salum alipandishwa juu ya kiti kushika waya wa antena karibu na dirisha, na akijikuna tu, mtangazaji anapotea. "Salum, usipumue," Baba alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Mama alikaa mlangoni na ushoni wake, midomo kaikaza. Alikuwa akituambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Baba yenu ana wake wawili, mmoja anakula betri." Lakini siku ya Alhamisi ni yeye aliyenikumbusha nikanunue betri mpya dukani.

Niliogopa salamu kuliko nilivyoogopa mtihani. Mtangazaji alisoma majina ya watu chungu nzima, wa Tanga, wa Voi, wa Kigoma, wote hai, wote wanasalimiana kwa furaha, na kila jina lililopita uso wa Baba ulikuwa unazidi kuingia ndani. Ukipigwa wimbo wao ndiyo balaa zaidi. Ilipofika pale pa kicheko aliinamisha kichwa, akafunika redio, akatoka kwenda kuswali magharibi. Tulijua usiku ule hapana hadithi.

Ijumaa moja, nikiwa darasa la nne, Mama ni mzito na mdogo wetu wa mwisho, mtangazaji akacheka kabla ya kusoma kadi. Akasema hii ya leo ni ya kitendawili. "Inatoka kwa aliyeingia mapema, inakwenda kwa mpiga gitaa wake huko Jeddah. Anasema mwaka huu, majaaliwa, anakwenda kuhiji. Na anasema safari hii hatakuwa na haraka, atasubiri mpiga gitaa aanze."

Kisha sauti ikaondoka. Salum alilia akaapa hajasogea. Baba hakumgombeza. Alikuwa kasimama, mkono juu ya redio, anatazama ukuta. Mama akaweka ushoni chini, akasema, "Yu hai." Ndipo Baba akakaa sakafuni pale pale akalia mbele yetu, na sisi hatukujua watoto wanatakiwa wafanye nini baba yao akilia, tukamshika tu magoti.

Furaha ile haikukaa. Ikaja hofu nyingine, kubwa zaidi. Zuwena anakuja, lakini anakuja na nani, kwa ndege ipi, kwa jina gani kwenye pasipoti? Kuuliza maofisini Baba alikataa. "Watu wa kule wakisikia wanaulizwa kwa jina na mtu wa huku, wanaogopa," akatuambia. "Na kundi lao huwa lina mtu wa kuwaangalia. N'tamponza." Akabaki na njia moja, ya kwenda kuangalia nyuso. Kila akitoka kazini alikwenda kule walikokuwa wakishukia mahujaji, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, na birika kubwa la kahawa na kikapu cha vitumbua, kama walivyokuwa wakifanya watu wetu wengi kuwapokea wageni wa nyumbani. Akarudi na kikapu kitupu na macho mekundu. Msichana aliyemwacha Unguja alikuwa mwembamba, ana mwanya. Sasa angekuwa mwanamke mtu mzima, kajifunika, yuko upande wa wanawake, na mwanamume hawezi kwenda kuwachungulia wake za watu.

Hija ikapita. Mama akajifungua, akaingia arubaini, hatoki nje. Mahujaji wakaanza kuondoka, kundi baada ya kundi, na siku ya ndege ya mwisho ya kwenda kwetu Baba alikuja na Salum kunitoa skuli. Hakuwahi kunitoa skuli hata nilipougua. Njiani alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. "Rukia," akaniambia, "wewe ndiye utakayeingia upande wa wanawake. Utapita na kahawa. Usitaje jina la mtu. Utaanza wimbo wetu, lile gitaa, kwa mdomo, kama unavyolipiga mkicheza uani. Polepole. Usiimbe maneno, sikiliza tu."

"Na asipojibu?" nikamuuliza.

Mlangoni mwa ukumbi wa mahujaji alinipa birika na vikombe, akabaki nje na Salum na kikapu cha vitumbua. Mlinzi akanitazama, akaona mtoto na kahawa, akasema "yalla" nikapita.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa sakafuni juu ya mizigo yao, madumu ya maji ya Zamzam yamefungwa kamba, watoto wanalia, mwanamume mmoja anatangaza kwa spika kundi gani lipange foleni. Kila akitangaza, safu nzima ilikuwa inasimama na kuondoka, na mimi nilikuwa nafikiria, huenda keshaondoka na hao. Nikaanza kumimina kahawa. Wimbo ukakataa kutoka. Nilioujua kuliko jina langu ukanipotea. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwana wa nani wewe?" nikaogopa hata kumjibu hilo.

Nikasogea safu ya pili, nikafumba macho, nikamfikiria Salum na waya wake. Ukaja. Tiriri tin, tiriri tin, kwa sauti ya puani, chini chini. Bibi mwingine akanigombeza palepale. "Hebu nyamaza, mtoto. Watu wametoka kuhiji, wewe waleta muziki?" Nikanyamaza, nikasogea mbele, nikaanza tena. Kahawa ilikuwa inamwagika kwenye vidole vyangu na siisikii. Safu nyingine. Mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, kimya. Safu nyingine tena, kimya. Spika ikatangaza kundi jingine na upande wote wa kushoto ukasimama. Nikaona nimekosa. Nikajiuliza nitamtazamaje Baba pale mlangoni.

Nikaanza mara ya mwisho nikiwa nalia, sauti yenyewe imepinda, haifai. Nilikuwa sijafika hata nusu ya mzunguko wa pili. Nyuma yangu, katika wale waliokwisha kusimama na mizigo kichwani, mtu akasema, "Keti kwanza."

Halafu akacheka puani.

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mnene, si mwembamba hata kidogo, kaziba mdomo kwa mtandio. Akauteremsha nikauona mwanya. Nikamshika nguo yake, nikaivuta kuelekea mlangoni, na yeye akanifuata na furushi lake la nguo kichwani, anawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nakwenda kuchukua vitumbua, narudi."

Mlangoni Baba hakusema dada. Wala Shangazi hakusema kaka. Walikuwa wanaangaliana huku mwenye kundi la Shangazi yuko hatua chache tu, kazi yake kuhesabu watu. Baba akampa kikapu kama anavyompa hujaji yeyote. Mikono yao ikakutana chini ya kitambaa cha kikapu, na pale ikakaa.

"Ulisema utasubiri," Baba akamwambia.

"N'lijitahidi," Shangazi akajibu. "Mwanao kaanza kulia."

Spika ikaita tena. Ulikuwa muda wa mtu kula kitumbua kimoja, hauzidi huo. Akaniwekea mkono kichwani, akarudi katika safu, na hakugeuka nyuma, kwa sababu kugeuka kungeonekana. Hawakuonana tena mpaka mauti yalipomchukua Baba. Tulirudi nyumbani kwa miguu, Salum kabeba birika tupu. Jioni ile Baba aliitoa foronya kwenye gitaa, akakaza nyuzi, akatupigia wimbo wote, na pale mahala pake akaacha nafasi, akacheka yeye.

Hayo yote nilimsimulia Mwende pale jikoni, masufuria yakiwa yamekauka yenyewe. Aliniambia nyanyake wa Machakos anauimbaga na hicho kicheko mpaka leo, na yeye Mwende siku zote alidhani ni nyanya amesahau maneno. Kisha akafuta mikono. Mamake yuko huko, mtoto wake yuko huko, anawaona kila siku kwenye simu, na bado nilimwona machozi yamemjaa.

Enzi zetu tulikuwa na njia chache za kumpata mtu, na tulizitumia zote mpaka zikachubuka. Hawa wa sasa wanapatana wakati wowote, na Hanan ana bibi wa upande wa pili kule Al-Safa, Jeddah, ambaye simu yake huachwa iite mpaka ikate. Siwalaumu sana. Mtu hawezi kuijua kiu katika nyumba yenye mabomba. Lakini nikawaza, huyo kijana aliyekaa na kompyuta yake akaukata wimbo wetu, akakitoa kicheko cha Shangazi kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, angekuwa amefanya hivyo miaka ile, ningeingia ukumbini na nini?

Mwende akautafuta ule wa zamani, akaupata, na mikwaruzo yake. Hanan aliingia kutafuta juisi, akasimama kusikiliza, kwa mara ya kwanza bila kuuruka. Gitaa likazunguka moja. Shangazi akaingia, akashtuka, akacheka.

"Bibi, hapo kakosea," Hanan akasema. "Hawakurudia?"

"Enzi zetu hatukuwa tukirudia," nikamjibu. "Wewe unaweza. Rudisha nyuma kidogo, mwanangu, tumsikie tena."